Wanangu mnaoanza chuo, bisheni hodi mapema

Wanangu,

Niliingia chuo kikuu hapa Nairobi mwaka wa 1990, katika kundi la kwanza kabisa la mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo). Nyinyi mko miongoni mwa makundi ya mwisho ya mfumo huohuo. Niruhusuni basi, mimi niliyefungua mlango, niseme na mnaoufunga.

Huko mlikotoka kulikuwa na kengele. Kengele ya kuamka, ya prepu, ya kulala, na mwalimu wa zamu nyuma yake. Hapa mhadhiri atafundisha kwa muda wa saa mbili, afunge faili lake aondoke, na hakuna atakayeuliza kama umeandika hata mstari mmoja. Wiki za mwanzo uhuru huo ni mtamu kama miwa. Halafu CAT, jaribio la katikati ya muhula, inatangazwa, na unagundua kila aliyeketi karibu nawe naye alikuwa nambari moja kwao.

Mimi lililonipiga ni somo la takwimu. Nilipotea wiki ya tatu, kwenye uwezekano, nikajiambia nitashika mbele ya safari. Wiki ya sita nikapanda ngazi hadi ofisi ya mhadhiri. Mlangoni palibandikwa karatasi ya saa zake za kuonana na wanafunzi, wino wa buluu: Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi. Ilikuwa Alhamisi, saa nane na nusu. Nikamsikia akikohoa ndani. Nikaona swali langu ni la kitoto, nikashuka ngazi polepole nisisikike.

Nilipata 38. Pasi ilikuwa 40.

Likizo wenzangu walipokwenda nyumbani, mimi nilikuwa maktaba ya McMillan, pale Mtaa wa Banda, nikipita kati ya wale simba wawili wa mawe kila asubuhi na daftari kwapani. (Maktaba hiyo ilifunguliwa 1931, na baadhi ya viti nadhani ni vya mwaka huohuo, mgongo wangu ni shahidi.) Nilirudia mtihani nikapita, lakini kwa kanuni zetu aliyerudia huandikiwa 40, hata angejibu kama malaika. Iko kwenye transkripti yangu hadi leo.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hamjapotea, nendeni mkamwone mhadhiri mmoja. Usiende kumwambia "sielewi somo". Hilo hata yeye hajui aanzie wapi. Beba daftari, onyesha mstari uliokukwamisha. Kama humpati, mtafute anayewasaidia katika tutorio, au wale wa mwaka wa pili waliofanya somo hilo juzi tu.

Pesa za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, zikiingia, lipa kwanza chumba na chakula cha mwezi. Zetu, kabla HELB haijaundwa, tuliziita bumu, na zilikwisha kwa kishindo hichohicho. Mwakenya, vile vikaratasi vya kuibia mtihani, msiguse, sina zaidi hapo.

Nilipopita mtihani wa kurudia, nilimwendea yule mhadhiri nikamweleza habari ya ile Alhamisi. Akavua miwani, akanitazama.

"Karatasi ile ina miaka mitatu mlangoni," akasema. "Waliobisha hodi hawafiki kumi. Ile saa ya Alhamisi huwa nanywa chai peke yangu."

Ni mimi mzee wenu,
Baba wa wanne, Buruburu