Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa: "Mwalimu, Wamesema Nini?"

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kamwene.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, kazi niliyoifanya mkoani humu kwa miaka 22. Sina mgogoro wa kiwanja na sijaja kumshtaki mtu. Nina jambo la tafiti za historia za wanafunzi wa vyuo, yaani la ukumbi, nauli na kabati, na yote matatu ofisi yako inayaweza.

Mwaka huu nilialikwa kwenye kongamano la kitaaluma la chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wa historia, wale wa shahada ya kwanza, walikuwa wamepewa nafasi ya kuwasilisha tafiti zao, na mmoja wao nilimfundisha tangu kidato cha kwanza. Ratiba ilikuwa kama ratiba zetu zote: ufunguzi, mgeni rasmi, utambulisho wa wageni uliokula karibu saa nzima, maprofesa, chakula. Wanafunzi waliwekwa saa kumi jioni, dakika kumi kila mmoja, wakati nusu ya viti viko wazi na waliobaki wanachezea simu.

Naomba nikusimulie nilichosikia katika hizo dakika kumi kumi.

Kijana wa kwanza alizungumzia manamba, wanaume waliotoka Njombe kwenda kukata mkonge Tanga enzi za Mwingereza. Alisimama pale mbele ameshika kipande cha babu yake, ile kadi ambayo kila siku ya kazi iliwekewa alama, akaonyesha siku ambazo babu alifanya kazi na siku ambazo hazikuhesabiwa. Wa pili alikuwa amefuatilia kambi ya wakimbizi wa Kipoland waliowekwa Ifunda wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mimi nimepita Ifunda mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sijawahi kushuka kwenye basi kuuliza.

Wa tatu ndiye binti yangu wa darasani. Mada yake ilikuwa siku moja tu, tarehe 19 Juni 1954, siku ambayo fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga. Habari yenyewe unaijua. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua Julai 1898 akikataa kushikwa na Wajerumani, kichwa kikachukuliwa, Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ukaandika katika ibara ya 246 kwamba fuvu likabidhiwe ndani ya miezi sita, na miezi sita ikawa miaka 35 hadi Gavana Twining alipolipata kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akamkabidhi Chifu Adam Sapi. Hayo yamo vitabuni na binti hakuyafuata. Alimfuata bibi mmoja wa Kalenga, ambaye siku ile alikuwa mtoto wa miaka kama tisa, akamwuliza: ulikuwa wapi, ulisimama na nani, mlikula nini?

Gavana bibi hakumwona. Alikuwa mfupi, na mbele yake kulikuwa na migongo ya watu. Anachokumbuka ni mama yake na wanawake wengine wakitwanga siku tatu mfululizo, na wanaume wakinung'unika kwamba ulanzi, ile pombe ya mianzi, umeanza kukata, kwa hiyo ikabidi ipikwe komoni, pombe ya nafaka, nyingi kuliko ya sikukuu yoyote aliyowahi kuiona. Binti akalishika hilo la ulanzi, akalipima. Ulanzi hugemwa wakati wa mvua na hupungua baridi inapoingia, na Juni ndiyo hiyo. Kumbukumbu ya jikoni ikakutana na tarehe ya kwenye nyaraka. Hapo ndipo alipouliza swali lake: taarifa za serikali ya kikoloni zinatuonyesha gavana, chifu na askari, umati ule nani aliulisha? Nani aliwaagiza wanawake watwange, siku ngapi kabla, na nafaka ilitoka ghala la nani?

Mheshimiwa, tukio hilo nimelifundisha miaka 22. Swali hilo halikuwahi kunijia.

Jopo likamwuliza ametumia nadharia gani. Akajibu akijikwaa, dakika zikaisha, makofi.

Sasa, bibi mwenyewe alikuwa ukumbini. Binti alimleta kwa nauli ya bumu lake, yaani mkopo wake wa chuo, akamkalisha pembeni yangu safu ya nyuma. Kila kitu kilisemwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndio utaratibu wa chuo. Bibi alisikia "Kalenga" ikitajwa, akasikia jina lake, akaona watu wanageuka kumtazama. Akaniinamia: "Mwalimu, wamesema nini?" Nikamweleza kwa sauti ya chini, nusu Kiswahili nusu Kihehe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Si siku tatu. Nilimwambia nne. Ya nne tulitwanga usiku."

Hapo mtu wa maikrofoni alikuwa ameshaanza kukunja nyaya.

Barua yangu yote ni hiyo, Mheshimiwa. Yaliyobaki ni utaratibu. Mtu pekee katika ukumbi ule aliyeweza kusahihisha utafiti alikuwa amekaa nyuma, na hakuna aliyemwandalia lugha wala nafasi ya kusahihisha. Simlaumu binti, hata mimi ningeandika tatu pale ambapo mtu anataja usiku kama siku nyingine. Na huenda hapo pana habari kubwa zaidi, maana kutwanga usiku ni dalili kwamba watu waliofika walizidi hesabu ya waliotarajiwa, au agizo lilichelewa. Lipi kati ya hayo? Bibi ndiye wa kuulizwa, na alikuwepo.

Wapo watakaosema wanafunzi wa shahada ya kwanza ni wachanga mno kwa kazi hii, wanajaza tu matakwa ya kuhitimu. Nawakumbusha mwaka 1968. Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Wanafunzi wa historia, wa shahada ya kwanza hawa hawa, walitumwa kwenda kuwauliza wazee juu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Vita vilikuwa na miaka zaidi ya 60, na mashahidi walikuwa wanahesabika. Walichokiokota vijana wale bado kinatumiwa na wanahistoria wakubwa duniani. Kwa upande wetu huku, kazi ya namna hiyo ndiyo inayosaidia kufikiri kwa nini Wabena wengi na watani zetu Wangoni waliingia vitani, na Wahehe, waliokuwa wamepigana na Mjerumani miaka saba tangu mapigano ya Lugalo ya 1891, wakakaa nje. (Swali hilo usiliulize kilabuni mbele ya Mngoni kama huna muda.)

Tangu 1954 sasa imepita miaka zaidi ya 70. Hesabu ni ile ile.

Sasa kibali cha utafiti. Mwanafunzi hutoka na barua ya chuo, akaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, halmashauri, kwa mtendaji wa kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Ngazi hizo sizipingi. Kijiji kina haki ya kujua nani anakuja kuuliza nini. Ila mwanafunzi ana likizo moja tu. Mmoja wa wale vijana alizungushwa wiki tatu kwenye ofisi moja, sitaitaja, kwa kuwa mwenye kusaini alikuwa semina na aliyekaimishwa hakupenda kusaini mambo ya utafiti. Alipanga kuongea na wazee 15, akaongea na watano. Ofisi yako ikiagiza kwamba barua ya mwanafunzi isikae mezani zaidi ya siku tano, itakuwa imefanya kazi ambayo hata fedha haziifanyi.

Barua hizo hizo za kibali huwa na sharti, kwamba mtafiti akimaliza alete nakala ya ripoti. Vijana hutii. Wanapanga foleni stesheneri, wanabaindi, wanaleta. Masjala inapokea na kugonga muhuri, kisha nakala inaingia kabatini. Mimi niliwahi kuomba kusoma moja katika ofisi fulani ya umma. Nikaambiwa niandike barua kueleza nia yangu. Niliandika. Huu ni mwaka wa pili nasubiri, na nia yangu bado ni kusoma.

Nakuomba ripoti za historia zitolewe kwenye makabati ya mkoa na wilaya zake, zipelekwe pale Boma, kwenye makumbusho, zipangwe kwenye rafu ambayo mwalimu anaweza kuifikia siku ya Jumamosi. Nasema mwalimu kwa kuwa tumeletewa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili, na nimelifurahia kwa dhati. Mtaala unataka nianze na mazingira ya mwanafunzi. Mwanafunzi wangu anatoka Nzihi, au Kiponzelo. Kitabu chenye habari za Nzihi sina. Ripoti ya kijana wa mwaka wa tatu aliyekwenda Nzihi ipo, iko kabatini, na imeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo naomba pia vyuo vishauriwe, kwa lugha ya kirafiki, kwamba kila ripoti iliyotegemea masimulizi ya wazee iwe na kurasa kumi za Kiswahili kwa ajili ya kijiji.

Yapo ya kuangaliwa, sikatai. Tarehe 25 Desemba 1971, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekikalia kiti unachokalia wewe leo, aliuawa kwa risasi Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi, wakati wa msukumo wa vijiji vya ujamaa, na Mwamwindi naye akanyongwa. Jamaa za pande zote mbili wapo. Wazee wa Isimani wakilizungumzia hilo hupunguza sauti hadi leo. Ripoti ya namna hiyo huwezi kuiweka rafuni ikiwa na majina ya waliosema, na mwanafunzi anayejaribu mada hiyo anahitaji msimamizi mwenye busara na barua yako mfukoni. Lakini tahadhari hiyo ni ya mada chache. Kutwanga unga hakuna siri.

Ombi langu la mwisho ni la siku. Tarehe 19 Juni, Kalenga, nje ya makumbusho yale madogo. Shule huwa zimefungwa na vyuo bado viko wazi. Wakuu wa vyuo vyetu vya Mkwawa, Iringa na Ruaha waombwe kila kimoja kilete wanafunzi wanne au watano wa historia. Wa Mbeya wakitaka kuja, karibu. Wawasilishe kwa Kiswahili. Viti vya mbele wakae wazee waliowapa habari, si sisi wenye tai, na kila wasilisho likiisha mzee apewe maikrofoni kabla ya profesa. Nauli zao zilipwe, wapate chakula cha mchana, na mgeni rasmi awe wewe, ila hotuba isizidi dakika kumi, kama za wanafunzi. Mvua na jua tutajihami kwa turubai la shule yangu. Limetoboka upande mmoja, linatosha.

Sijaandika bajeti kwa kuwa sijui lugha ya bajeti. Mhasibu wako ataijua.

Bibi nimeshamwuliza. Amesema atakuja, na atakuja na dada yake wa Tosamaganga, ambaye siku ile ya 1954 alikuwa mkubwa kidogo na alitumwa kuchota maji, kwa hiyo, kwa maneno yake, "yeye ndiye aliyeona." Sharti lao ni moja, wasipandishwe bodaboda.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa historia, Iringa