Firimbi ilie alfajiri, hotuba zingoje

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na watu wa aina mbili: wanaoandaa mbio za kilomita 5 za kujifurahisha hapa Mombasa, na wale marafiki wawili wanaojiandikisha kwa mara ya kwanza, mmoja akimshawishi mwenzake, "Twende tu, kwani ni mashindano?" Si mashindano, kweli. Lakini joto la Mombasa ni lile lile kwa anayeshindana na anayejifurahisha.

Mnamo Machi 24, 2007, mji huu uliandaa mbio za nyika za dunia katika uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa masafa marefu miaka mitano mfululizo, aliacha mbio kabla ya kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akaibuka mshindi siku ambayo joto na unyevu viliwaangusha wengi. Mwili hupoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi. Hewa ya pwani imejaa unyevu, hasa mwisho wa kaskazi masika yakikaribia, kwa hiyo jasho halikauki, linadondoka tu. Mtu anapoteza maji na bado anaungua ndani.

Sasa tupige hesabu. Mkimbiaji mzoefu humaliza kilomita 5 kwa dakika 25 hivi. Anayeanza, akikimbia kidogo na kutembea kidogo, huhitaji dakika 45 hadi 55. Mbio zilizotangazwa kuanza saa 12 na nusu asubuhi zikisogezwa hadi saa 2 kwa kuwa mgeni wa heshima hajafika, mzoefu atakuwa amemaliza saa 2 na nusu. Anayeanza atakuwa juu ya lami hadi karibu saa 3, jua limepanda, vivuli vimefupika. Tena kabla ya hapo amesimama saa nzima na nusu, maji aliyobeba ameyamaliza, na ndizi aliyokula alfajiri imeshasagika. Anayeadhibiwa zaidi na ucheleweshaji ni yule yule ambaye mbio hizi ziliandaliwa kwa ajili yake.

Ombi langu kwa waandaaji: firimbi ilie saa 12 na nusu, hotuba ziwe baada ya mbio, watu wakiwa kivulini na madafu mkononi. Meza ya maji iwepo kila baada ya kilomita 2, na isikunjwe mpaka mtu wa mwisho apite. Gari la huduma ya kwanza lifuate nyuma ya huyo wa mwisho. Na tangazo litoke wiki 8 kabla, wala si Jumatano kwa mbio za Jumapili.

Wiki hizo 8 zina kazi yake. Mwili wa asiyezoea hupata pumzi haraka kuliko unavyopata mifupa na kano imara. Ndiyo maana watu wengi huumwa na ugoko wiki ya tatu, pale wanapojihisi wameshaiva na kuongeza masafa ghafla. Fanyeni mazoezi siku 3 kwa wiki, na baina ya siku moja na nyingine pawe na mapumziko. Wiki mbili za kwanza, tembeeni haraka dakika 5, kisha kimbieni dakika 1 na kutembea dakika 2, mrudie mara 8. Wiki ya tatu na ya nne, dakika 2 za kukimbia kwa 2 za kutembea, mara 6. Wiki ya tano na ya sita, 3 kwa 1, mara 6. Ya saba, 5 kwa 1, mara 5. Wiki ya mwisho punguzeni: mara mbili tu, fupi, ili miguu ifike siku yenyewe ikiwa na hamu. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yahamisheni usiku, saa moja na nusu au mbili baada ya kufuturu, tena futari iwe nyepesi.

Kasi haihitaji saa ya bei ghali. Mtu aweze kumwambia mwenzake, "Shoga, tukitoka hapa tupitie Marikiti nikanunue bizari," bila kuikata sentensi katikati ili avute pumzi. Akiikata, wanakwenda mbio mno. Hapo ndipo faida ya kuwa wawili inapoonekana, kwa sababu anayekimbia peke yake hana wa kumsemesha, na haoni kwamba amezidisha mpaka kichomi kimshike ubavuni. Kikimshika, atembee, atoe pumzi yote polepole, aubonyeze ubavu kwa vidole mpaka kiachie.

Kuna jambo ambalo marafiki hawalizungumzi mapema na huwaharibia siku. Mmoja huwa na nguvu kuliko mwingine. Kabla hamjajiandikisha, kubalianeni: ama mnafuata mwendo wa aliye taratibu mwanzo hadi mwisho, ama mnaachana baada ya kilomita ya kwanza na kukutana mahali mnapopajua, kama chini ya mti fulani, wala si "pale mwisho" penye watu mia kadhaa. Mapatano yote mawili ni mazuri. Kibaya ni mwenye nguvu kutangulia hatua mbili mbele kila mara na kugeuka kutazama. Yule wa nyuma huona aibu, hujikaza, na akifika kilomita ya 3 amekwisha.

Viatu. Raba za mitumba za Kongowea zinafaa kabisa ukijua kuchagua. Ziweke juu ya meza uzitazame kwa nyuma: kisigino kikiegemea upande mmoja, ziache. Bonyeza pembeni mwa soli kwa kidole gumba. Sponji nzima huingia ndani kidogo na kurudi, iliyokufa ni ngumu kama ubao au inabaki na shimo. Kunja kiatu uchunguze gundi ya ncha ya mbele, maana kiatu kilichokaa stoo miaka mingi huonekana kipya na hubanduka soli kwenye lami ya moto. Nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na ubaki na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Uvizoee wiki mbili kabla ya siku yenyewe.

Wanaofanyia mazoezi ufukweni, Nyali au Bamburi, wangoje maji yapwe, wakimbie kwenye mchanga mgumu wenye unyevu. Mchanga mkavu huchosha ndama za miguu na kuvuta kano ya kisigino. Nyakati za maji kupwa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, hivyo saa iliyofaa Jumatatu haitafaa Ijumaa. Ufukwe pia umeinama kuelekea baharini, na mguu mmoja hubaki chini muda wote. Endeni na kurudi njia ile ile ili miguu ipokezane. Msivue viatu, mchangani mna vipande vya matumbawe na chupa. Barabarani kimbieni upande wa kulia, mkiyatazama magari, tuktuk na boda boda zinazokuja, na penye wembamba mmoja atangulie.

Tisheti ya mbio ifue kwanza. Ikiwa mpya, mshono wake husugua kwapani na chuchu hadi damu, kwa wanaume hasa. Paka mafuta ya mgando kwapani, baina ya mapaja na penye mishono ya sidiria. Anayevaa hijabu achague kitambaa chepesi kisichonywa maji. Pamba nzito ikilowa jasho huvuta shingo. Nambari ibane kifuani kwa pini 4, maana pini 2 za juu pekee huifanya ipeperuke na kukupiga tumboni njia nzima.

Siku hiyo mahamri kwa mbaazi yangoje, mafuta hukawia tumboni. Ndizi moja au mbili, au mkate na chai, saa moja na nusu kabla. Maji nusu lita saa 2 kabla, kisha mafunda machache njiani kila unaposikia kiu. Kujaza tumbo maji matupu kwa kuogopa joto nako kuna hatari yake: chumvi ya damu hushuka, kichwa huuma na kichefuchefu huja. Anayetoka Likoni awe kivukoni mapema. Aendaye kwa miguu halipi, lakini foleni ya feri haijui ratiba ya mbio.

Simameni nyuma kabisa ya kundi. Mbele mtabebwa na wenye kasi, na kilomita ya kwanza mtaipita kwa nguvu zilizowekwa kwa ajili ya ya nne.

Na kila mmoja amtazame mwenzake usoni kila mara. Akianza kuyumba, kujibu maneno yasiyoeleweka, au ngozi yake ikiwa na baridi na vipele kama vya kipupwe ilhali jua linawaka, mbio zake zimeisha hapo hapo, hata ikiwa zimebaki mita 200 na watu wanapiga vigelegele. Mkalishe kivulini, mmwagie maji baridi mwili mzima, weka barafu shingoni, kwapani na kinenani, huku mwingine akiita gari la huduma ya kwanza. Aliyechanganyikiwa asinyweshwe kwa nguvu. Waandaaji nao waweke barafu katika meza ya mwisho, ndoo mbili zilizojaa, kabla ya kununua maputo.

Mpenzi wa mbio,
Tudor, Mombasa