Barabara mpya zijengwe pamoja na mabomba ya mkonga

Ndugu Mhariri,

Nasomesha skuli ya sekondari katika Wilaya ya Wete, Pemba. Mkonga wa mawasiliano, yaani waya wa intaneti ya kasi, unapita barabara kuu, mita kama 400 kutoka lango letu. Tuliomba kuunganishwa. Tukaambiwa waya upo, mafundi wapo, kinachosubiriwa ni kibali cha kukata ukingo wa barabara. Huu ni mwaka wa pili. Wanafunzi wetu waliomaliza kidato cha sita wanaomba vyuo na mikopo kwa simu, kwa bando la shilingi 1,000, na usiku wa mwisho wa maombi ukurasa unazunguka tu mpaka bando linakata. Nimekaa nao hadi saa saba za usiku. Inauma.

Wengi hudhani kikwazo ni bei ya waya. Fedha nyingi zinakwenda kwenye mtaro: kuchimba, kukata lami, kufukia, kutengeneza tena. Na mtaro kwetu una wenyewe wengi. Posta na simu ni mambo ya Muungano, kwa hiyo leseni inatoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ardhi na barabara ziko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Mji Mkongwe, ulioingia katika urithi wa dunia mwaka 2000, una mlango wake wa ziada wa kuombea kibali, na huo siulalamikii, kuta zile zinataka mlinzi. Lakini mita 400 za ukingo wa barabara huku Wete?

Linalonikera zaidi ni hili. Barabara yetu ilipotengenezwa ilikaa wazi miezi, udongo umefumuliwa, makatapila yanapita. Bomba tupu la plastiki, la kupitishia mkonga baadaye, lingelazwa pembeni kwa kazi ya siku chache. Halikulazwa. Lami ikamwagwa, kisha wakaja watu wa maji wakaikata. Leo anayetaka kupitisha mkonga anaambiwa asiharibu barabara mpya, na kweli asiiharibu.

Naiomba Serikali iweke sharti katika kila mkataba wa barabara: mabomba matupu yalazwe pamoja na chemba zake, yawe mali ya umma, na kampuni yoyote ya simu iyakodi kwa bei moja. Vibali navyo viombwe dirisha moja, na vipewe siku za kujibiwa. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wake wa mwaka 2014, ulizitaka mamlaka zijibu maombi ya ujenzi wa namna hii ndani ya miezi 4. Sisi kisiwa chetu ni kidogo, ofisi zinajuana. Miezi 4 ni mingi.

Njia ya ndani ya shehia yetu bado ni ya kifusi, na tumeahidiwa lami. Kabla haijafika, naomba mhusika aje kwa sheha atuoneshe mchoro, tujue mabomba hayo yamo au hayamo.

Mwalimu,
Wete, Pemba