Wapenda fasihi tupo, nyinyi ndio mmetufungia lango

Mhariri,

Nimelinunua gazeti hili tangu nikiwa mwanafunzi na sijawahi kuwaandikia hata mara moja. Lakini ile taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu semina za fasihi vyuoni, ile yenye picha ya viti vitupu, imeninyima usingizi. Mhadhiri mliyemhoji alisema mihadhara ya wazi inakosa watu kwa sababu Wakenya hawapendi vitabu. Mimi ni mmoja wa hao wasiopenda vitabu, na mwaka huu nilikwenda. Naomba mchapishe yaliyonipata.

Mwezi Machi mpwa wangu alinionyesha tangazo kwenye simu yake. Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu kimoja jijini Nairobi ilikuwa imemwalika mwandishi wa riwaya aje asome kazi yake, kisha ifuate semina ya utafiti. Umma wote unakaribishwa, ndivyo lilivyosema. Nilifundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule za upili kwa miaka 34, nimestaafu, na mambo kama hayo ndiyo chakula changu. Nikapanda matatu hapa Machakos mapema ili nisichelewe. Langoni bawabu akataka kadi ya mwanafunzi au jina la mwenyeji wangu. Nikamweleza habari za tangazo, akasema yeye hakuambiwa lolote, na sikumlaumu. Nilisimama juani dakika 40 hadi kijana mmoja akaniandikisha kama mgeni wake. Kufika ukumbini, mlango una kufuli. Shughuli ilihamishiwa ghorofa ya nne, na habari hizo zilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la idara peke yake. Lifti ilikuwa mbovu. Goti langu la kushoto pia ni bovu.

Tulikuwa watu 17. Mwandishi alisoma vizuri mno, kwa Kiingereza, sehemu ambayo nyanya mmoja wa Lamu anawakusanya wajukuu usiku na kuanza kuwapa hadithi. Baadaye mtafiti akasoma karatasi yake dakika hamsini bila kuinua uso. Wakati wa maswali nilinyoosha mkono. Wakapewa nafasi wahadhiri watatu, ambao hawakuuliza bali walihutubia, ndipo nikafikiwa. Nikauliza kwa Kiswahili: mbona nyanya huyu wa Lamu anaingia kwenye hadithi bila kusema "Paukwa", watoto wakakosa pa kuitikia "Pakawa"? Mwenyekiti akanikatiza. "Mzee, tafadhali tumia Kiingereza, tuna mgeni hapa." Mgeni mwenyewe alikuwa mmoja. Mwandishi ni Mswahili wa pwani, watu wengine wote chumbani ni Wakenya, na mimi nimewafundisha Kiingereza hicho watoto wa nchi hii tangu mwenyekiti huyo akiwa hajazaliwa. Nikaligeuza swali. Nilipomaliza akaangalia saa na kutangaza kuwa muda umekwisha.

Mwandishi alinifuata kwenye ngazi. Akaniambia kwa Kiswahili kwamba "Paukwa" ilikuwamo katika mswada wake wa kwanza, mhariri wa huko ng'ambo akaiondoa kwa kuwa wasomaji wasingeielewa, na kwamba hadi siku hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulizungumza karibu dakika kumi huku waliokuja kumchukua wakimhimiza aende garini. Kwa nini mazungumzo hayo hayakufanyika mbele ya wanafunzi? Ndiyo yaliyokuwa na fasihi ndani yake kuliko yote yaliyosemwa alasiri ile.

Tarehe 24 Oktoba 1968, wasomi watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban Lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka hapo chuo kikuu Nairobi wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pachukuliwe na idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Waliitetea fasihi simulizi na walitaka Kiswahili kipewe nafasi. Waraka huo bado unatajwa katika semina, tena kwa heshima, na anayeuliza kwa Kiswahili anaambiwa ageuze. Hata idara za Kiingereza za zamani zilituthamini zaidi. Ile ya chuo cha Makerere, Uganda, ilianzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri mwaka 1965, wanafunzi wakaizunguka nchi hiyo na kuvuka mpaka hadi Kenya wakiigiza bure, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo. Nairobi nako wakafanya vivyo hivyo katika miaka ya 1970. Mimi niliwaona nikiwa kidato cha tatu, uwanjani, tumekaa nyasini. Sikuombwa kadi. Siku ile ndiyo iliyonifanya mwalimu.

Na kwa kuwa nimeanza, nitasema na la maktaba. Mwezi Agosti 1987 mwanafunzi mmoja alikuja kijijini kwetu Kitui kukusanya hadithi kwa ajili ya tasnifu yake. Mama yangu alimpikia, akamlaza, akamsimulia usiku tatu mfululizo, kijana akajaza kaseti mbili. Mama alifariki mwaka 2003. Sisi watoto wake hatuna sauti yake popote. Siku ile ya semina nilipita maktabani kuulizia tasnifu hiyo, nikaambiwa wasio wa chuo huleta barua ya taasisi. Nikasema mimi ni mstaafu, sina taasisi, ninachotaka ni maneno ya mama yangu. Nikajibiwa kwamba utaratibu ni utaratibu. Hadithi zilitoka kwa mama asiyejua kusoma, hakudai barua wala senti, na leo mwanawe anafukuzwa mlangoni kama mwizi! Halafu mnaandika kwamba wananchi hawapendi fasihi!

Nanyi wahadhiri, mkitaka watu, wekeni semina Jumamosi saa nane mchana. Bandikeni tangazo langoni kwa Kiswahili na bawabu apewe nakala. Kila karatasi iwe na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, na swali la kwanza litoke kwa mtu asiye mhadhiri wala mwanafunzi. Kila muhula semina moja ije huku kwetu. Kanisani kwetu kuna ukumbi wa viti 120, nimeshazungumza na wazee wa kanisa, na chai nitalipa mimi.

Na yule kijana wa 1987, kama yu hai na anasoma gazeti hili, hatudai chochote. Kama kaseti zile bado zipo, tunaomba kuzisikiliza mara moja tu. Kwetu ni pale penye mti mkubwa wa mwembe nyuma ya jiko, atakumbuka.

Mwalimu mstaafu,
Machakos