Kabla hujazipaka rangi mvi hizo

Mpendwa Saumu,

Salaam nyingi, shoga yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Una miaka 24, mvi kumi na kitu kwenye panja la kushoto, na umeshaanza kuzing'oa. Basi weka kibano chini kwanza, tuzungumze.

Kung'oa hakuzidishi mvi, ingawa watu husema hivyo. Kila unywele una kifuko chake chini ya ngozi, na kifuko cha jirani hakijui umefanya nini. Ubaya wa kung'oa uko kwingine. Unywele ukikatikia chini ya ngozi, hasa huu wetu wa kipilipili, unaporudi hujikunja na kuchimba ngozi, ukaacha kipele chenye usaha. Na kifuko kinachovutwa kila mara huchoka, mwisho kikaacha kutoa unywele kabisa. Kwenye panja, kipara huonekana upesi kuliko mvi. Kama kuna mmoja unaokukera, ukate kwa mkasi mdogo karibu na ngozi.

Sasa chukua mmoja mrefu, unyooshe juu ya karatasi nyeupe, kisha juu ya nyeusi. Huenda ukakuta ncha ni nyeusi na upande wa shina ni mweupe. Rangi huingizwa unywele ukiwa bado unajengwa ndani ya kifuko, na seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi yenyewe. Ukishatoka juu ya ngozi hauna uhai tena, wala haubadiliki. Kwa hiyo alama hiyo ni tarehe. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, hivyo ukipima kwa rula ukapata sentimita 4 nyeupe, rangi ilikatika kama miezi minne iliyopita. Fanya hivyo kwa mvi tano au sita. Zikigongana karibu wakati mmoja, jiulize ulikuwa unaumwa, umebadili chakula, au umeanza dawa gani. Zikitofautiana sana, ni mwendo wa kawaida wa mvi.

Wengi wanaoota mvi mapema wamerithi tu. Muulize mama, baba na shangazi zako kila mmoja aliona mvi ya kwanza akiwa na miaka mingapi. Jibu hilo lina thamani kuliko chupa yoyote ya vidonge. Madaktari wa ngozi huziita mvi za mapema zikianza kabla ya miaka 30 kwa Waafrika, 25 kwa Waasia na 20 kwa Wazungu. Sigara nayo huambatana na mvi za mapema. Kuhusu msongo wa mawazo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha mwaka 2020, kwa panya, kwamba neva zinazoamshwa na hofu humaliza akiba ya seli za rangi ndani ya kifuko. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 2021 waliandika kuhusu nywele chache za binadamu zilizorudisha rangi zenyewe. Ni chache mno. Usimruhusu mtu akuuzie mafuta kwa hoja hiyo.

Hata hivyo kuna vipimo vya damu ambavyo ningetaka uvifanye: vitamini B12, tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, na akiba ya madini ya chuma, yaani feritini. B12 ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa kuwa umeandika kwamba umeacha nyama, samaki, mayai na maziwa, na huko ndiko inakopatikana. Ikipungua, mvi ni dogo. Shida ni ganzi na kuchomachoma viganjani na nyayoni, ulimi kuuma, na kuchoka bila sababu. Dawa kama metformini ya kisukari na omeprazoli ya asidi ya tumbo zikitumiwa muda mrefu nazo huishusha. Usianze kumeza vidonge vya asidi ya foliki peke yake kabla ya kipimo, maana huinua damu ikaficha upungufu huku neva zikiendelea kuharibika. Na kama unameza vidonge vya nywele vyenye biotini, mwambie daktari, uviache siku kadhaa kabla ya kutolewa damu. Biotini hupotosha majibu ya thairoidi.

Mvi zikikaa pamoja kama kiraka, na ngozi iliyo chini yake imepauka, hiyo huenda ni vitiligo, ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi. Mwone daktari wa ngozi bila kungoja vipimo.

Tuje kwenye rangi, maana najua hilo ndilo lililokufanya uandike. Kwa mvi kumi na kitu, mimi nisingepaka rangi ya kudumu. Baada ya wiki nne shina jeupe la sentimita 1 linatokeza, na hapo umeshajifunga kupaka kila wiki nne hadi sita. Wino wa nywele wa kupaka kwa brashi, unaotoka ukiosha, unatosha.

Ukiamua kupaka, jaribu kwanza. Changanya kidogo, paka nyuma ya sikio eneo la ukubwa wa sarafu, kisha lichunguze kwa saa 48. Rangi nyingi nyeusi zina PPD, kemikali inayotia weusi, na mzio wake unaweza kuanza hata kwa mtu aliyeitumia miaka mingi bila tatizo: kichwa kinawasha, kesho yake macho yamevimba hayafunguki. Kama uliwahi kuchorwa hina nyeusi mkononi ikatoa malengelenge, rangi za PPD usiziguse tena maishani. Wala usipake nyusi au kope kwa rangi ya kichwani. Rilaksa na rangi ya kudumu zisikutane siku moja: tangulia rilaksa, ngoja wiki mbili. Anza palipo na mvi, kwa sababu huchelewa kushika, na usikatishe muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Hina na nili, unga wa mmea unaotoa buluu, ni njia ndefu lakini naipenda. Kwa nywele fupi chukua gramu 100 za hina tupu, tia maji ya uvuguvugu na maji ya limau kidogo mpaka iwe kama uji mzito, funika saa 8. Paka kwenye nywele zilizooshwa, zisizo na mafuta, kaa nayo saa 3, osha. Mvi zitakuwa za rangi ya chungwa; usishtuke. Kisha gramu 100 za nili, maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo, bila limau. Ngoja dakika 15 tu, paka mara moja, kaa saa 1 hadi 2, osha kwa maji matupu. Sabuni iache siku mbili, maana nili hukolea polepole hewani. Makosa makubwa ni mawili: kupaka nili bila hina, mvi zikatoka na kijani au buluu, na kuacha nili ikae bakulini mpaka nguvu yake ikaisha.

Unga unaoitwa hina lakini unatoa weusi wenyewe kwa nusu saa si hina tupu. Umechanganywa na PPD au chumvi za metali. Chumvi hizo zikikutana baadaye na developa, ile dawa inayochanganywa na rangi ya kudumu, hutoa joto na kukatakata nywele. Na mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, asipake hina kabisa, kwani inaweza kuvunja chembe za damu.

Majibu ya damu yakitoka, niandikie namba zenyewe pamoja na kizio chake, usiniandikie tu kwamba walikuambia ni kawaida. B12 ya pikogramu 230 kwa mililita maabara nyingi huipitisha, lakini kati ya 200 na 300, na wewe una ganzi, daktari anapaswa kupima zaidi. Hukuniambia kama una ganzi. Niambie.

Wako akupendaye,
Mwanaidi