Usiyaache mashairi ya babu kabatini

Shoga yangu,

Salaam sana kutoka Tanga. Mama mpe shikamoo zangu, umwambie ile halua ilifika salama na haikulala.

Nimeisoma meseji yako ya usiku mara tatu, hasa pale uliposema wachapishaji wawili wamekujibu mashairi hayauzi na kitabu chembamba vile hawakitaki, na wewe umeshaanza kusema basi daftari za babu zirudi kabatini. Shoga usizirudishe. Mzee kaandika kwa mkono wake beti mia mbili na kitu, madaftari matatu, wino wenyewe umeshaanza kupauka, alafu yakae yangoje mtu ambaye hata hamjui? Yule malenga Muyaka ni wa hapo hapo Mombasa kwenu, alikufa 1840, na diwani yake imekuja kupigwa chapa 1940 tena huko Johannesburg, miaka mia nzima shoga, na kama sio Mwalimu Sikujua kukaa chini akayakusanya na kuyafafanua sijui leo tungekuwa na nini mkononi. Babu yako anaye mtu wa kumfanyia hivyo, ndo wewe.

Na hauhitaji kiwanda. Unahitaji meza ya jikoni, sindano, uzi na jioni zako za mwezi mmoja.

Nikwambie kwanini mi nashona na sigundishi. Kile kitabu cha hadithi za bibi, cha kwanza kabisa, nilipeleka sehemu wakanibaindia kwa gundi ya moto, vilitoka vizuri vinang'aa nikafurahi nikagawa. Ilipofika Februari, unajua joto letu, gundi ikaachia. Shangazi akaja na chake kakifunga raba bendi, kurasa ishirini ziko huru, ananiambia mwanangu hadithi ya mwisho siioni. Niliumia sana. Tokea siku hiyo nikasema kitabu chenye jina la bibi lazima kishikwe na uzi.

Sasa sikiliza hesabu. Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inakupa kurasa nne. Karatasi nne ukizikunja kwa pamoja zimeingiliana unapata kurasa 16, mi naita kikunjo. Vikunjo vinne ni kurasa 64, na hicho ni kitabu kamili, mashairi ya babu yanaingia yote, beti nne kila ukurasa na nafasi ya jina la shairi juu. Kitu kimoja nakuomba, usikate ubeti ukaanzia ukurasa huu ukaishia ule, bora uache nafasi nyeupe chini. Na mstari wake wa mizani 16, yaani silabi 16, unakaa vizuri kwenye upana huo ukitumia herufi saizi 11, ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili, vinakaa mstari mmoja kama alivyoandika mwenyewe. Ukifanya kitabu kidogo zaidi ya hapo mstari utakatika popote kompyuta inapotaka na msomaji atapotea kwenye vina.

Kwenye kupanga kurasa wengi ndo wanachoka, ila ina siri nyepesi. Kwenye kikunjo cha kwanza kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi ukizijumlisha zinatoa 17 siku zote, yaani 16 na 1, nyuma yake 2 na 15, karatasi inayofuata 14 na 3, hivyo hivyo mpaka katikati 8 na 9. Ukiona haitoi 17 umekosea, simama. Kikunjo cha pili zinatoa 49. Programu nyingi zinakupangia zenyewe lakini we hakikisha kwa jicho, na kwenye printa chagua kugeuza kwa upande mfupi, la sivyo nyuma zote zitatoka kichwa chini.

Karatasi nayo ina mwelekeo wake, hii nilichelewa sana kuijua. Nyuzi za karatasi zimelala upande mmoja, na A4 nyingi za rimu zimelala kwa urefu, kwa hiyo ukiikunja unakunja kinyume na nyuzi, mkunjo unapasuka pasuka na kitabu hakitaki kulala, na unyevu wetu huu wa pwani ukiingia kurasa zinajikunja kama mawimbi. Dawa yake nunua rimu ya A3, waambie dukani wakukatie nusu kwa mashine. Hapo nyuzi zinafuata mgongo. Jaribu kwa kuchana kipande, inakochanika sawa bila kupinda ndo nyuzi zilikolala. Na rimu moja ya A3 ikikatwa ni karatasi 1,000 za A4, ukigawa kwa 16 unapata vitabu 62 na karatasi nane zinabaki za kujaribia. Vitabu 62 shoga! Wajukuu wote, madrasa, maktaba, marafiki zake wale wa barazani, na bado vingine utauza.

Kutoboa, nenda kwa fundi viatu akuuzie msharasi au akuelekeze pa kuupata, sindano ya kawaida itakuumiza kidole. Kila kikunjo matundu sita kwenye mkunjo, pima na kipande cha manila ulichokitoboa kabla ili yote yalingane, yasipolingana mgongo utakaa upande. Uzi wa katani nilijaribu kwa vile niko Tanga na mkonge ndo wetu, ila ule niliopata ulikuwa mkavu na mkali ukanikatia karatasi, nikaacha. Sa hivi natumia uzi wa viatu ule mwembamba, naupitisha kwenye nta ya nyuki mara mbili ili usijifunge fundo wenyewe njiani.

Kwenye kushona kwenyewe ngoja nikuelezee kama nakuonyesha. Unaingia tundu la kwanza kutoka nje, unatokea la pili, unaingia la tatu, hivyo mpaka mwisho wa kikunjo, alafu unaweka kikunjo cha pili juu yake unarudi ulikotoka. Ukifika mwisho funga na ule mkia uliouacha mwanzoni. Kuanzia kikunjo cha tatu, kila ukifika mwisho unapitisha sindano chini ya uzi unaounganisha vikunjo viwili vya chini, unaacha kitanzi kidogo, sindano inapita ndani ya kitanzi, unavuta. Na kuvuta vuta kwa kufuata mgongo, kule mshono unakoelekea. Usivute kuja kwako, karatasi itachanika pale pale kwenye tundu na kikunjo kizima umekipoteza. Mi nilipoteza saba hivyo hivyo, mpaka mkono ulipozoea. Ukimaliza kitabu shika ukitikise, utasikia kimekuwa kitu kimoja, hicho ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote.

Mgongo unaupaka gundi nyeupe ya mafundi seremala, nyembamba tu, alafu weka chini ya matofali mawili ulale. Kwenye jalada natumia uji wa ngano maana unanipa muda wa kunyoosha kitambaa, lakini mende wanaupenda mno, kwa hiyo tia matone ya mafuta ya karafuu ndani ya uji ukishapoa kidogo. Yanasaidia hata uji usioze haraka, na kitabu kinanukia. Ukitaka kufunika na leso ya bibi yako kama ulivyosema, wazo zuri sana, ila ifue kwanza mpaka maji yatoke meupe. Mi leso nyekundu ilinitolea rangi kwenye ukurasa wa kwanza wa vitabu vinne, nikalazimika kuvifumua.

Kabla ya yote hayo lakini, kaa na wajomba. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inalinda kazi ya mtunzi miaka 50 baada ya kufa kwake na haki hiyo inarithiwa, babu ana miaka sita tu tangu atutoke, kwa hiyo mashairi ni ya warithi wake wote. Waandikishe waridhie kwa maandishi, na mkubaliane hela ikiingia inakwenda wapi. Usifanye kimya kimya eti utawashtukizia kwa furaha, ugomvi wa urithi unaanza na vitu vidogo. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, kwenu wanatoa Maktaba ya Taifa, huku kwetu ni Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwa kugawia ndugu unaweza ukaenda bila, ila duka la vitabu wataiuliza.

Na mashairi yenyewe chapa kama alivyoandika. Akiandika ndoo kwa maana ya njoo iache hivyo hivyo, Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa, usikinyooshe kiwe cha shule. Maneno magumu fafanua mwishoni, mama atakusaidia, muulize sasa hivi wakati bado anayakumbuka.

Leo leo piga picha kila ukurasa wa zile daftari, mchana, karibu na dirisha, unitumie. Nitachapa daftari moja mimi, mbili wewe, alafu tunasomeana kwa simu kusahihisha.

Ijumaa nampa mtu wa basi bahasha yako, mwambie kaka yako akaipokee stendi. Ndani nimeweka sindano tatu, kibonge cha nta, uzi, na kile kipande cha manila chenye matundu sita. Nimekutilia na kikunjo kimoja cha kitabu cha bibi nilichokishona nusu, uzi unaning'inia. Uendelee nacho kutoka pale nilipoachia.

Mimi shoga yako,
Tanga