Somoe, usiikate kwanza

Newala,
12 Mei 2024

Shoga yangu Somoe,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mama mkwe anakusalimu.

Ujumbe wako umenikosesha usingizi. Unataka kung'oa mikorosho yote ya marehemu baba ili upande ufuta, kwa sababu mti mmoja haufikishi hata kilo 3. Hesabu yako sina ugomvi nayo. Ufuta unaupanda Januari, Juni uko mnadani. Mkorosho unataka palizi, unataka kupuliziwa dawa ya salfa alfajiri kabla upepo haujaamka, na pesa uione Oktoba au Novemba. Ukikaa na daftari huko Temeke, ufuta unashinda.

Lakini mimi nilishawahi kukata kwa daftari, shoga. Unaikumbuka ile mikorosho yangu minne ya pembeni? Mama mkwe aliniuliza, "Mwanangu, umeshauriana na nani?" Nikamjibu shamba ni langu. Msimu uliofuata jirani akalima akavuka hatua 15 kuingia kwangu, wala hakuwa mwizi. Kwake yeye mpaka ulikuwa ile mikorosho, na mikorosho haipo. Karatasi sina. Wazee walikaa siku mbili, tukipekua majani kutafuta visiki. Mimi niliona kilo tu; kwamba miti ile ilikuwa shahidi wangu, halikunijia hata kidogo.

Kwa hiyo nakuomba uje. Zunguka shamba na kaka yako, maana yeye ndiye anayelala pale. Muulize mama mkubwa: anaokota mabibo anayaanika, ndiyo sabuni na sukari yake, na kwenye daftari lako hayamo. Kisha twende Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, kwa wataalamu. Wao wanataka mita 12 kati ya mti na mti. Yenu matawi yameshikana, jua haliingii, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unapenda kivuli kama kile. Huenda shida ni msongamano kuliko uzee. Iliyochoka kweli hukatwa, machipukizi yakabebeshwa vikonyo, yaani yakaunganishwa vijiti vya miti bora, ikazaa mapema kuliko mche mpya. Ufuta ukae kwenye nafasi zitakazopatikana katikati.

Na ukishaona yote hayo ukaamua kung'oa, ng'oa, nitakuja na panga langu kukusaidia.

Ukikata tiketi nipigie. Nitakusubiri stendi, hata basi liingie usiku.

Wako,
Zuhura